Duka langu la khanga limeanzia kwenye simu
Ijumaa nilikuwa na shilingi 70,000 na wazo lisilonipa usingizi. Jumapili jioni nilikuwa nimeshauza jozi tatu za khanga. Namshukuru Mungu sana.

Jumamosi asubuhi nilishuka Kariakoo, nikaenda Mtaa wa Uhuru, nikachukua jozi tano tu. Sikukodi fremu wala kutengeneza tovuti. Nilipakua WhatsApp Business, ambayo ni bure, nikajaza katalogi kwa picha na bei, kisha nikaweka status.

Saa tatu nzima, kimya! Shangazi ndiye aliyenipigia: "Mwanangu, mbona umezipiga zimekunjwa? Jina liko wapi? Nani atanunua khanga asiyojua inasema nini?" Nikazitandaza mkekani karibu na dirisha, pindo lote lionekane na jina lisomeke herufi kwa herufi. Hapo simu ikaanza kulia. Dada mmoja alichukua jozi mbili kwa sababu ya jina tu, hata rangi hakuuliza.

Wiki iliyofuata nililizwa. Mteja wa mkoani alinitumia ujumbe wa muamala wa kughushi, nami nikawahi stendi ya Magufuli kupakia mzigo kwenye basi. Niliumia mno. Siku hizi naangalia salio kwanza, ndipo nafunga kifurushi.

Leo nimechukua jozi kumi na mbili. Anayetaka kuona nilivyopanga katalogi aniandikie, nitamwelekeza bure.