Hogo la Mama

Mama alipoambiwa mguu utafungwa hogo, alinigeukia mimi, si daktari. "Kwani nimevunjika?"

Ilikuwa 2014, Dar es Salaam. Kidonda chini ya kidole gumba cha mguu kilikuwa na miezi minne, upana wa sarafu ya shilingi mia mbili. Tulikisafisha kila siku, tukakipaka na asali. Zahanati ya kwanza walishatamka neno kukata. Na kila alfajiri Mama alisimama jikoni kukaanga maandazi, maana kidonda hakikumuuma. Hapo ndipo kisukari kinapokuwa na hila: mishipa ya fahamu ikifa, mtu anakanyagia kidonda kama si chake.

Muuguzi alimwambia afumbe macho, akamgusa unyayo kwa uzi mgumu wa nailoni, ule unaopinda ukifika uzito wa gramu 10. Akagusa kidole, kisigino, ubavu wa wayo. Alikuwa ameshagusa mahali pa nane Mama aliposema, "Haya, anza basi."

Daktari alipapasa mapigo ya damu juu ya wayo, akaagiza picha ya mfupa, akakwangua sugu pembezoni mwa kidonda. Damu inafika, mfupa mzima, usaha hakuna. Bila hayo, alisema, asingethubutu kufunga. Hogo linasambaza uzito unyayo mzima, kidonda kinapumzika. Daktari Paul Brand aliwafunga hivyo wagonjwa wa ukoma India, ambao nao miguu yao ilikuwa haihisi. Nilimwelewa nusu. Kidonda nilichofundishwa kukipa hewa kinafungiwaje gizani?

Mama alikuwa na lake: "Na maandazi atakaanga nani?" (Nilikaanga mimi. Wateja walilalamika.)

Baada ya siku nne tulirudi, kwa kuwa hogo la kwanza hulegea uvimbe ukipungua. Msumeno ulipolipasua, harufu ikajaa chumba. Mama alijiziba pua kwa kanga, akakodolea dari. "Niambie wewe."

Muuguzi alimwaga maji ya chumvi, akapangusa. Upana ulikuwa uleule, ila shimo limepanda, limejaa nyama nyekundu. Nikamwambia.

"Muongo," akasema, macho bado darini.

Wiki ya saba alijitazamia mwenyewe. Akapitisha kidole juu ya ngozi mpya, akasema hasikii kitu, kisha akamuuliza muuguzi kama viatu vile vya soli laini alivyopewa vikirukiwa na mafuta ya kukaangia vitaharibika.