Kuna Mtu Bafuni

Jumapili usiku, Leicester

Leo nimemkuta buibui kwenye hodhi la kuogea. Saa kumi na moja na nusu alfajiri nimewasha taa ili nitie udhu, na yeye yuko pale chini karibu na tundu la kutolea maji, kahawia juu ya weupe, miguu kaitandaza upana wa mdomo wa kikombe. Nikarudi kinyumenyume mpaka koridoni. Udhu nikatilia jikoni. Huu ni mwaka wangu wa sita Uingereza, na hakuna Septemba iliyopita bila mimi kutia udhu jikoni.

Nyumbani wakisikia wananicheka. Umetoka Tanga kwenye nge na tandu, unaenda kumkimbia buibui wa Ulaya? Kaka yangu ndiye bingwa wa swali hilo. Simjibu. Nge nimeshamuua kwa kandambili, na tandu vilevile, wala sikupiga kelele. Buibui ni habari nyingine.

Ilianzia Ngamiani, kule kwetu Tanga, nina miaka saba hivi. Nilivuta kanga ya Bibi iliyotundikwa nyuma ya mlango, humo akatoka yule buibui mkubwa bapa wa ukutani, akanipita mkononi hadi begani, akatoweka. Labda sekunde mbili. Nilipokimbilia fagio, Bibi akanikamata mkono. Buibui hauawi, akasema, huyo ndiye aliyefuma utando mlangoni mwa pango, Mtume na Abubakar wamo ndani na maadui wako nje. Basi nikabaki na mnyama ninayemwogopa ambaye tena sina ruhusa ya kumuua. Na kama haitoshi, vazi la Bibi la kutokea nalo ni buibui! Akilikung'uta kabla ya kulivaa, mimi nilikuwa nasogea kando, nisije nikaona kinachodondoka.

Huku wana msimu wao, kuanzia mwishoni mwa Agosti hadi Oktoba. Nilidhani baridi ndiyo inayowaingiza ndani. Kumbe wengi wao wamo humu humu mwaka mzima, nyuma ya makabati, chini ya ngazi, bandani. Majike wanakaa kwenye tando zao. Wanaotoka usiku na kukatiza katikati ya zulia ni madume waliokomaa, wanatafuta majike. Dume utamjua kwa vijimkono viwili mbele ya uso, vimevimba nchani kama glovu za bondia. Akimpata jike anaweza kukaa naye wiki kadhaa, kisha anakufa, na pengine jike anamla. Na hodhini hatokei bombani, kama nilivyokuwa nikiapa miaka yote. Kule chini bomba limepinda na pale kwenye pindo maji yamesimama. Anadondokea humo akiwa katika mizunguko yake, halafu ukuta laini unamshinda kuupanda.

Kujua hivyo kumenisaidia kidogo. Kilichonisaidia zaidi ni habari ambayo mwanzoni ilinitisha: buibui wa aina hii alishikilia rekodi ya mbio ya Guinness hadi 1987, zaidi ya nusu mita kwa sekunde. Lakini hana pumzi za safari. Miguu yake huinyoosha kwa kusukuma maji ya mwilini, na anachoka haraka. Anatimka, anasimama. Kwa hiyo siku hizi akitimka nahesabu, na akisimama ndipo glasi inamshukia.

Nasema hivyo kama hodari, na mpaka mwaka jana mshika glasi alikuwa mume wangu. Akiwa kazini nilitumia mashine ya kufyonza vumbi, Mungu anisamehe, kisha nikakaa nusu saa naikodolea macho mashine. Jirani alinishauri nipange madirishani zile mbegu kubwa za kahawia zinazodondoka chini ya miti msimu huu, eti zinawafukuza. Nikapanga. Siku ya tatu mmoja alikuwa amekaa juu ya mbegu.

Aliyenisukuma ni binti yangu. Mwaka jana, akiwa na miaka mitatu, alimwona mmoja ukutani. Akamtazama weee, kisha akanigeukia mimi, akausoma uso wangu, ndipo akaangua kilio. Buibui alikuwa hajamfanya lolote. Mtoto alikuwa bado hajaamua kama huyu ni wa kuogopwa, nami nikamwamulia.

Nilifikiria kwenda kutibiwa. Bustani ya wanyama ya London ina programu ya watu kama mimi: wanafundishwa, wanafanyiwa hipnosia, yaani wanatulizwa akili kama walio nusu usingizini, halafu wanapelekwa kukutana na buibui wenyewe. Nilisoma mpaka hapo pa kukutana, nikafunga simu. Nikaanza na yule mwembamba wa darini chooni, mwenye miguu kama nyuzi, ambaye hata mimi naona haya kumwogopa. Nikamwacha. Kila asubuhi namwangalia kama yupo. Ndipo nikajigundua: anayeninyima usingizi ni yule niliyemwona jana na leo simwoni. Huyu wa darini hahami, nami nalala.

Sasa turudi leo. Saa mbili asubuhi binti kaingia bafuni kabla sijamwahi, akatoka mbio.

"Mama, kuna mtu bafuni."

Mtu! Njia rahisi ilikuwa kuning'iniza taulo kwenye ukingo wa hodhi, apande atoke mwenyewe. Lakini akishatoka nitajuaje alipo? Nikachukua glasi na bahasha ya bili ya gesi. Mikono inatetemeka, uso nimeukaza. Akatimka. Tukahesabu wote wawili, kwa sauti, mpaka tano. Akasimama. Nikamfunika, nikapitisha bahasha chini yake taratibu, nikasikia miguu yake ikikwaruza karatasi, na sauti hiyo sitaisahau. Tukampeleka bandani.

"Anamtafuta nani?"

"Mchumba."

"Kwenye bafu letu?"

Glasi nimeiosha mara tatu. Nimeirudisha nyuma kabisa ya kabati, na kitakoni nimeibandika utepe mwekundu, mgeni asije akapewa maji nayo.