Siku moja na Land Rover 109 ya kulalia porini

Saa kumi na moja alfajiri simu iliita kabla adhana haijaisha. Mwenye gari.

"Shikamoo fundi, samahani kwa kukuamsha. Nimewaza usiku kucha, tuongeze na bomba la kuogea kule nyuma."

Nikamwambia marahaba, uje tuongee. Kila siku anaona kwenye simu picha mpya za magari ya kambi ya Afrika Kusini, na kila picha inaongeza kilo.

Masika yameanza, kwa hiyo nilitoka Kimara mapema. Jangwani maji yakipanda barabarani hakuna mwendokasi wala nini. Jana yalikuwa yametulia. Nikasimama kwa mguu mmoja mpaka Gerezani, saa moja na nusu niko gereji, vijana wangu wawili wameshaagiza chai ya rangi na vitumbua.

Gari yenyewe ni Land Rover 109 ya 1978, ile isiyo na madirisha ubavuni. Hiyo 109 ni inchi za kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, kama mita 2.77. Mwenye gari kairithi kwa baba yake, ilikaa miaka chini ya mwembe Mbagala. Chasi nilishaimaliza, ile ni chuma na kutu iliila itakavyo. Bodi ni aluminiamu. Land Rover ya kwanza ilioneshwa Amsterdam mwaka 1948, na Uingereza wakati huo chuma kilikuwa adimu kwa sababu ya vita, wakakimbilia aluminiamu. Watu wakisikia hivyo wanadhani bodi haiozi. Inaoza, tena kimyakimya. Bolti ya chuma ikigusana nayo, ukaongeza chumvi ya hewa yetu ya pwani, hutoka unga mweupe kama poda ya mtoto, na siku moja unaegemea gari kidole kinazama. Ndiyo maana naweka raba katikati, na dogo akisahau raba namfungulisha bolti zote upya. Ananichukia siku hiyo, kesho yake anasahau tena.

Saa tatu mwenyewe akafika. Mrefu, bado ana usingizi. Nikachora sakafuni kwa chaki ukubwa wa sehemu ya nyuma, nikatandika boksi la friji, nikamwambia avue viatu alale. Jirani wa gereji ya pili akapita, akauliza, "Huyo kazimia?" Vidole vya miguu vilipita mstari kwa shibiri moja nzima.

Sasa hapo mafundi wengi hukata ukuta wote unaotenganisha viti vya mbele na nyuma. Mimi sikubali. Ukuta ule ndio unaoshika mbavu za bodi zisichezecheze. Ukiuondoa, baada ya safari mbili za barabara ya vumbi milango inagoma kufunga. Tukakubaliana nikate kipande cha upande wake tu, kingo nizifunge kwa skwea paipu, na kiti cha mbele kikikunjwa miguu ipate pa kwenda. Mke wake mfupi, hana shida.

Bomba la kuogea nikalikataa. Akauliza basi hema la juu ya paa? Nikampeleka chini ya gari, nikamwonesha springi zile bapa kama za Fuso. Mzigo ukiwa sakafuni gari inatulia. Upandishe mzigo uleule juu ya paa, kwenye kona utauona upeo wa macho umelala. Kitanda ndani, dumu mbili za maji sakafuni nyuma ya viti, jiko la gesi lifunguke kwenye mlango wa nyuma. Watoto watalala kwenye hema la kawaida chini, nalo ndilo wanalolitaka. Akanyamaza. Nadhani alikubali.

Kuanzia saa nne ilikuwa kazi ya kukata dirisha ubavuni, na hii ndiyo kazi niliyoiogopa wiki nzima. Bodi ya chuma ukikosea unachomelea kiraka, unapiga puti, hakuna anayejua. Aluminiamu inayeyuka kwenye nyuzi 660 hivi, chuma kinangoja mpaka karibu 1,500, na aluminiamu haigeuki nyekundu ikuonye. Nikiwa kijana nilichomelea bodi ya namna hii kwa fimbo za kawaida. Ilitulia, ikatulia, halafu pakadondoka tundu la ukubwa wa sahani. Mwenye gari alikuwa amesimama nyuma yangu.

Kwa hiyo jana tulipima mara tatu, tukabandika tepu ya karatasi kuzunguka mstari ili msumeno usikwaruze rangi. Kwenye kona nne tulitoboa kwanza matundu ya duara, kwa sababu kona kali ndiyo inayoanza kupasuka gari ikitikisika. Kisha jigso, taratibu, meno yake nikiyasugulia mshumaa mara kwa mara. Bila mshumaa aluminiamu inaganda kwenye meno na msumeno unaanza kutafuna badala ya kukata. Tumebakiza upande mmoja, umeme ukakatika. Tukamalizia kwa msumeno wa mkono, kwa zamu, huku jasho likitudondokea machoni.

Saa nane, ubwabwa na maharage kwa mama ntilie.

Dirisha lenyewe ni la kuteleza, nililitoa kwenye Coaster kuukuu iliyokuwa skrepa. Gundi nyeusi ya vioo, raba, ripiti za aluminiamu kila sentimita tano. Saa kumi na moja jioni dogo akaingia ndani na tochi na chaki, sisi nje tukamwaga maji kwa mpira. Tulikodolea macho dirisha jipya. Likakaa kavu. Dogo akapiga kelele: maji yanatoka juu, kwenye ripiti ya zamani chini ya mfereji wa paa, mbali kabisa na tulipokata. Tukaitoa, tukapiga mpya, tukamwaga tena, pakavu. Tukatandika ubao wa kitanda kwa majaribio, tukafunga.

Saa tatu usiku niko Kimara, mvua ikashuka kama imetumwa. Nikampigia mlinzi.

"Nenda kaniangalizie ile Land Rover ndani, kama pameloa."

"Pakavu, fundi."

"Umeshafika mara hii?"

Kimya kidogo. Nikasikia mvua ikipiga bati, karibu sana na simu.

"Mimi nimelala humuhumu, fundi. Ila upande huu mwingine miguu hainitoshi."