Nilivyotia nakshi kisu changu kwa nta na mrututu

Nafua visu, na kwa miaka mingi niliamini kwamba yale maua kwenye panga na mavazi ya chuma ya vita ya Ulaya ya karne ya 16 yalichongwa yote kwa tindo. Nikajaribu hivyo kwenye bapa lililokwisha kukomazwa kwa moto. Tindo iliteleza, ncha ikavunjika.

Kisha nikasoma habari za Daniel Hopfer wa Augsburg, Ujerumani, aliyefariki 1536. Alipamba silaha kwa kuacha asidi itafune chuma, halafu ufundi huohuo akauhamishia kwenye mabamba ya chuma ya kuchapia picha. Asidi haichagui chuma kigumu wala laini. Mafundi wa enzi zile walitumia vitu kama siki, chumvi na mrututu. Mrututu nilipata duka la pembejeo, ule wa bluu wa kupulizia kahawa.

Mara ya kwanza nta, inayokinga sehemu zisizotakiwa kuliwa na dawa, ilibanduka vipande vipande, kisu kikajaa madoa. Kosa lilikuwa mafuta ya vidole vyangu. Mara ya pili nilisugua bapa kwa jivu hadi maji yakatanda juu yake bila kujikusanya matone, nikalipasha moto kidogo, ndipo nikapaka nta ya nyuki yenye lami kidogo. Nta ya moto juu ya chuma baridi haishiki.

Uzuri wenyewe uko kwenye vitone. Wajerumani waliyafunika kwa nta majani ya nakshi, wakaacha uwanja wa nyuma wazi, na katika uwazi huo wakadondoa vitone vya nta kimoja kimoja. Asidi ikila pembeni, vitone hubaki vimesimama kama ufuta. Eneo la upana wa vidole viwili lilinimalizia jioni nzima, nikitumia kijiti kilichochongwa ncha.

Ndani ya dawa ya mrututu, chuma hufunikwa na tope jekundu la shaba, na ukiliacha kazi inasimama. Nilivaa glovu nikakaa nalo zaidi ya saa nzima, nikilifuta kwa unyoya wa kuku. Kila mara nilisuuza na kupima, hadi ukucha ukakwama kwenye ukingo wa jani. Nikatoa nta, nikapaka masizi yaliyokorogwa na mafuta, nikafuta juu. Majani yakang'aa, nyuma kukabaki kweusi.

Mafundi wale wa Ujerumani waliongeza dhahabu iliyochanganywa na zebaki, kisha wakaifukuza zebaki kwa moto. Mvuke ule ni sumu. Sikuugusa, nawe nakusihi usiuguse.

Kazi ya Filippo Negroli wa Milano ni jambo jingine kabisa. Kofia yake ya vita ya 1543, iliyoko Metropolitan Museum, New York, ilifuliwa kwa nyundo kutoka bamba moja la chuma, sura zikainuliwa kwa nje. Ufundi huo sijaufikia.

Jani moja karibu na mpini limelika ukingoni, pale nta ilipokuwa nyembamba. Bapa la pili nimeshalisugua kwa jivu, na safari hii karibu na mpini nitapaka nta mara mbili.