Kumwita dume wa bata mzinga mwitu wakati wa machipuko

Kwa maumbile yake, dume wa bata mzinga mwitu hamfuati jike. Husimama pake, akawika, akatanua mkia na kuburuza mbawa, na jike ndiye anayemwendea. Mwindaji wa majira ya machipuko Marekani anaiga sauti ya jike, kisha anamtaka dume ndiye aje. Hapo ndipo ugumu wote wa uwindaji huu ulipo. Dume anaweza kukujibu mara 20 asisogee hata hatua moja, kwa sababu kwa hesabu yake ni zamu yako kwenda. Ndiyo maana nashikilia kwamba mahali unapokaa na utulivu wako vina uzito kuliko ufundi wa kuiga milio. Nawaandikia Waswahili wanaoishi kule na kualikwa porini na majirani au wafanyakazi wenzao, wakitaka kwenda wakijua wanachokifanya.

Kwanza sheria, maana kila jimbo lina zake. Kusini mwa Florida msimu hufunguliwa mapema Machi. New York ni kuanzia tarehe 1 hadi 31 Mei. New York unaruhusiwa kupiga kuanzia nusu saa kabla ya jua kuchomoza hadi saa sita mchana, na ni ndege mwenye ndevu tu. Ndevu ni shada la manyoya magumu kama nywele linaloning'inia kifuani. Majike wachache nao huota ndevu, na sheria kama hiyo huruhusu wapigwe, lakini usimpige. Mwache akaatamie. Saa sita mchana imewekwa ili majike waliolalia mayai wasisumbuliwe siku nzima. Jike hutaga kama mayai 10 hadi 12, yai moja kwa siku, kisha huatamia siku 28, na kiota kiko chini kabisa, kwenye majani. Dume mmoja hupanda majike wengi, kwa hiyo kupunguza madume wachache hakuvurugi uzazi ilimradi msimu haujafunguliwa mapema mno. Ndiyo sababu majimbo kadhaa ya kusini-mashariki, ambako ndege wamepungua miaka ya karibuni, yamesogeza mbele siku ya ufunguzi. Kwa leseni utatakiwa kwa kawaida kuwa na cheti cha mafunzo ya usalama wa uwindaji. Soma kitabu cha kanuni cha jimbo lako kila mwaka, kwani tarehe na idadi hubadilika.

Upelelezi huanza wiki mbili tatu kabla. Ardhini tafuta majani yaliyopekuliwa, vumbi walikooga, na kinyesi: cha dume hujikunja kama ndoana, cha jike ni kifundo kilichojiviringa. Unyoya wa kifua wenye ncha nyeusi ni wa dume. Wenye ncha ya rangi ya udongo ni wa jike. Unyayo wenye urefu wa sentimita 11 na zaidi mara nyingi ni wa dume aliyekomaa. Muhimu kuliko yote ni kujua mti wanaolala. Bata mzinga mwitu huruka juu ya miti mirefu jioni, mara nyingi mialoni au misonobari iliyo kando ya kijito au mteremko. Keti mbali jua linapozama, usikilize mbawa zao nzito zikigonga matawi. Giza likianza, piga mlio wa bundi mara moja. Dume huwika kwa kushtuka tu, si kwa mapenzi, na hapo umejua alipo bila kumwonyesha kwamba kuna jike. Usiwahi kutumia mlio wa jike kabla ya msimu. Unamfundisha ndege bure.

Alfajiri, uwe umeketi dakika 45 hivi kabla hajaanza kuwika. Mita 100 hadi 150 kutoka kwenye mti wake zinatosha. Majani yakiwa bado hayajachipua vizuri usisogee zaidi, maana kutoka juu ataona kila kitu. Kaa usawa mmoja naye au juu kidogo ya mlima. Kati yako na yeye kusiwe na kijito, uzio wa waya wala kichaka kizito. Anaweza kuvivuka vyote, lakini mara nyingi atasimama ng'ambo na kuwika hadi achoke.

Hapa ndipo wengi hukosea: hukaa mahali wanapoweza kuona mbali. Fikiria anavyoona yeye. Anasikia jike, anafika ukingoni, anatazama mita 80 za msitu ulio wazi, na jike hayupo. Atasimama pale pale nje ya uwezo wa bunduki yako, na baada ya robo saa ataondoka. Kaa pale ambapo kilima kidogo, kona ya njia au ukingo wa msitu uko kama mita 30 mbele yako. Akitokeza tu kumtafuta jike, tayari yuko ndani ya umbali wa kupiga. Ukiwa uwandani, ambako huna kona wala kilima, sanamu ya jike iliyosimikwa mita 20 kutoka ulipo hufanya kazi hiyo, kwa sababu jicho lake linapata jibu.

Na jicho hilo ni kali. Linaona rangi, na kwa kuwa macho yako pande mbili za kichwa, huona karibu pande zote akizungusha shingo kidogo tu. Harufu haimsaidii sana. Nguo za kombati, glavu na barakoa ya wavu ni za lazima, lakini mkono mmoja uliosogea unaharibu yote. Weka bunduki juu ya goti ikielekea upande wa dume tangu mwanzo. Ukilazimika kuisogeza, ngoja kichwa chake kipite nyuma ya mti mnene.

Viitio, yaani vifaa vya kuigia sauti ya jike, viko vya aina tatu zinazotosha. Kisanduku cha mbao chenye kifuniko kinachosuguliwa ukingoni ni rahisi kwa anayeanza, na sauti yake hufika mbali. Kipake chaki isiyo na mafuta, wala usikiruhusu kilowe. Kigae cha sleti au kioo huchorwa kwa kijiti: shika kijiti kama kalamu, chora duara dogo au mstari mfupi bila kukiinua, na kisugue kigae kwa msasa kikianza kuteleza. Kidole chenye jasho kikigusa uso wake, sauti hufa. Cha tatu ni kiwambo cha mpira kinachokaa mdomoni. Ni kigumu kujifunza, ila huacha mikono yote miwili kwenye bunduki ndege akiwa karibu.

Akiwa bado mtini, piga milio mitatu minne ya chini, laini, kama jike anayeamka. Akijibu, nyamaza. Ukizidisha, anabaki juu akingoja jike aje chini yake. Baada ya kusikia ameruka chini, piga mlio wa kawaida wa jike, mapigo matano hadi saba, kisha acha dakika 10 au 15. Anayewika akikaribia, usimwite tena. Kuna siku majike halisi humchukua saa moja baada ya mapambazuko na msitu ukawa kimya. Wengi hurudi nyumbani saa mbili asubuhi. Mimi nashauri kubaki, kwa sababu kati ya saa tatu na saa tano majike huondoka mmoja mmoja kwenda kutaga, na dume aliyebaki peke yake hukumbuka sauti aliyoisikia alfajiri. Mara nyingi huja bila kuwika kabisa, kwa hiyo usiinuke kabla ya kutazama taratibu kila upande.

Bunduki inayotumika ni shotgani, bunduki ya marisau, geji 12 au 20 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu), yenye choki, yaani kipande kinachobana sana mdomo wa mtutu. Marisau ya kawaida, ya madini ya risasi, ni namba 4, 5 au 6; namba ikipanda, punje huwa ndogo. Siku hizi wengi hutumia tangsteni, metali nzito zaidi, namba 9: ina uzito wa takriban gramu 18 kwa sentimita moja ya ujazo, dhidi ya 11 za risasi, kwa hiyo punje ndogo hupenya na nyingi huingia katika ganda moja. Bei yake lakini inauma. Chochote utakachochagua, jaribu kwenye karatasi kwa yadi 40, yaani karibu mita 37. Chora duara la sentimita 25. Punje 100 ndani yake ni kipimo kizuri kwa marisau ya risasi. Zikipungua, sogea karibu hadi zitimie, na umbali huo ndio mpaka wako porini. Jaribu pia kwa mita 10. Utashangaa marisau yanavyokuwa fungu la ukubwa wa ngumi tu, na ndiyo maana watu humkosa ndege aliye karibu mno. Kosa lingine ni kuinua shavu kutoka kwenye kitako ili kumwona vizuri. Marisau hupita juu ya kichwa.

Lenga shingo, kati ya kichwa na pale manyoya yanapoanzia. Anapokuwa ametanua mkia, shingo imejikunja ndani. Ngoja, au piga mlio mmoja mfupi, atainua kichwa. Usimpige kifuani, maana ataondoka na majeraha na nyama itakuwa imejaa punje. Usipige akiruka. Tazama nyuma yake kama kuna ndege wengine.

Kuhusu usalama sina utani hata kidogo, kwa kuwa umejificha huku ukitoa sauti ya windo. Usivae nyekundu, nyeupe wala bluu, hata soksi, kwani ndizo rangi za kichwa cha dume. Egemea mti mpana kuliko mabega yako. Usinyemelee sauti ya ndege, huenda ni mtu. Pennsylvania sheria inataka dume aitwe tu, asinyemelewe. Ukimwona mwindaji mwingine, usipunge mkono wala usipige mlio. Sema kwa sauti kubwa ya mtu. Sanamu ibebe ndani ya mfuko, na ndege uliyempata mfunge kitambaa cha rangi ya chungwa kabla ya kutembea. Kujificha nyuma ya mkia wa dume uliokatwa na kutanuliwa, kisha kumsogelea dume uwandani ni mtindo uliosambaa mitandaoni. Nauona wa hatari na sitaki mtu ninayemjali aufanye kwenye ardhi ya umma.

Mwislamu abebe kisu kikali, ataje jina la Mwenyezi Mungu anapofyatua, na akimkuta ndege bado hai amchinje papo hapo. Kuhusu mnyama aliyekufa kwa marisau wanazuoni wana kauli zaidi ya moja, hivyo muulize shehe wako kabla ya msimu.

Jaza tagi ya leseni hapo hapo alipoanguka, kisha mripoti ndani ya muda wa jimbo lako. Toa matumbo mapema, hasa siku ya joto, na weka barafu tumboni. Dume aliyekomaa ana kilo 7 hadi 11. Kifua kikate vipande vyembamba kukingama nyuzi, ukikaange haraka, kwani hakina mafuta na hukauka upesi. Mapaja na miguu usiyatupe kama wengi wafanyavyo. Yana kano ngumu kama sindano, lakini ukiyachemsha kwa moto mdogo kwa muda wa saa tatu, nyama hutengana na kano zenyewe, na hapo iko tayari kwa tui la nazi na ndimu. Tafuna polepole; punje moja ya marisau inatosha kuvunja jino.