Jua la saa tisa na zabibu zangu za Rongai

Mwaka jana mwezi wa pili nilipoteza karibu nusu ya zabibu zangu kwa siku tatu tu, na mpaka leo nikipita ile laini ya tatu roho inaniuma. Niko huku Rongai, Nakuru, nina mizabibu kwa robo eka, zabibu za kula sio za divai, nauzia akina mama wa matunda pale soko la Nakuru.

Ilikuwa hivi. Kulikuwa na mawingu karibu wiki mbili, nikaona ubwiri, ule ugonjwa wa kuvu, unaanza kushika vichala, mtu fulani akanishauri nitoe majani yote yanayozunguka zabibu ndio hewa ipite, na mimi nikatoa pande zote mbili, hata nikapiga picha vile zimekaa safi. Siku ya nne mawingu yakaisha, likatoka lile jua la kukausha mahindi, upepo hakuna. Jioni ya kwanza sikuona kitu. Ya pili, zabibu za upande wa magharibi zilikuwa na madoa ya kahawia kama zimeguswa na pasi, ya tatu zimeanza kujikunja. Upande wa mashariki wa mzabibu uleule hakukuwa na shida.

Mamangu alikuja akaangalia akanyamaza kwanza, halafu akasema, "Wewe, mtoto amelala kwa blanketi wiki mbili, unamtoa unamlaza uchi juani saa tisa, ataachaje kuungua?"

Na ndivyo ilivyo kabisa. Zabibu iliyoonja jua tangu ikiwa ndogo kama pilipili manga inajijengea kinga kwa ngozi, ile iliyokulia kivulini haina. Halafu jani linajipoza kwa kutoa maji, kama vile sisi tunatoa jasho, lakini zabibu ikishaanza kuiva haitoi jasho la maana, kwa hivyo jua likiipiga wazi, ngozi yake inaweza kupita joto la hewa kwa digrii 10 au zaidi. Hewa ikiwa 31 tu, ngozi iko 40 na kitu, na huko ndiko kuungua kunaanzia. Kule Ufaransa, Juni 28, 2019, joto lilifika 46 pale Vérargues, na mashamba ya zabibu ya kusini yakaungua majani na matunda kama yamepitiwa na moto. Sisi hatufiki huko, lakini tuko juu, jua letu ni kali, na mabadiliko ya ghafla ndio yanatumaliza.

Kwa hivyo sasa majani ya magharibi siyagusi. Kabisa. Jua la asubuhi linakuta hewa bado ni baridi, la saa tisa linakuta hewa imechemka mchana kutwa. Nikitaka hewa ipite natoa ya mashariki peke yake, na natoa mapema, zabibu zikiwa bado ndogo.

Maji nayo ni kabla ya joto, sio joto likishafika. Huu udongo wetu wa volkano hauweki maji, nafungulia dripu, ile mipira ya kumwagilia tone kwa tone, usiku siku mbili kabla ya joto, na chini nimetandaza mabua ya ngano. Mzabibu ukiwa na kiu unafunga vile vitundu vya majani, jani linaacha kujipoza, basi shamba zima linapanda joto.

Kuna watu wanapulizia kaolini, ule udongo mweupe laini, unarudisha mwanga, na unafanya kazi vizuri, ila unabaki kwa ngozi ya zabibu na mteja wa sokoni akiona weupe anadhani ni dawa, kwa hivyo kwangu naona neti ni bora. Neti ya kivuli ya asilimia 30, yaani inayozuia karibu theluthi ya jua, upande wa magharibi tu. Ukiweka nzito sana sukari haiingii. Na tafadhali usipige salfa, ile dawa ya ubwiri, siku joto linaenda kupita 30, itaunguza yenyewe hata kabla ya jua.

Zilizoungua kama zimekauka ziache hapohapo, zinawapa wenzao kivuli. Zinazotoa maji ndio unatoa haraka, kabla ya kuvu na nyigu.

Wiki hii wametabiri joto tena. Jana usiku nimefungulia dripu, neti nimefunga laini mbili za kwanza, kufika ya tatu ikaisha. Mamangu akaingia nyumbani akarudi na leso zake mbili kuukuu, tukazifunga pale na vibanio vya nguo, zitakaa hivyo mpaka kesho nikishuka mjini kununua neti nyingine.