Mcheduara wa pili

Slabu zilikuwa na miaka sita tu, nje kidogo ya mji wa Tanga, na mistari ya kutu ilikuwa imeshajichora juu ya nondo. Mkandarasi alikuja na karatasi zake: michemraba ya zege iliyovunjwa ikiwa na siku 28 yote ilifaulu. Alisema kweli. Lakini kuvunja mchemraba kunapima nguvu ya zege. Maisha ya nondo ni habari nyingine.

Tulizitafuta nondo kwa kifaa cha sumaku, tukazichorea chaki. Mcheduara wa kwanza wa zege, wa kipenyo cha milimita 100, tuliukata kwenye slabu pasipo na nondo, maana nondo huharibu jibu la mashine ya kuvunjia. Wa pili tuliukata juu ya nondo makusudi. Mzee wa maabara akaupasua kwa tindo na nyundo. Msumeno hakuutaka: tope lake hupaka uso wote.

Nusu moja aliinyunyizia fenolifthaleini, dawa inayogeuka waridi palipo na alikali inayolinda nondo, asilimia 1 ndani ya spiriti. Waridi ilichanua papo hapo, ikaacha milimita 6 za juu bila rangi. Hapo ndipo hewa ukaa, inayomaliza alikali hiyo, ilipokuwa imefika. Nondo ilikuwa milimita 48 chini, katikati ya waridi, mahali ambapo zege huilinda. Hata hivyo ilikuwa imeliwa, ina vishimo vyeusi.

"Mwanangu, nipe ile chupa nyeusi."

Nitrati ya fedha, dawa ya kutafuta chumvi, ambayo nayo hula nondo: gramu 17 kwa lita ya maji yaliyotoneshwa. Mwanga huiharibu, na ikigusa kidole doa halitoki kwa siku kadhaa. Aliinyunyiza kwenye nusu ya pili, iliyokuwa bado haijaguswa na dawa. Zege lisilo na chumvi hugeuka kahawia. Lenye chumvi huwa jeupe. Hili lilikuwa jeupe, juu mpaka chini.

Chumvi ya upepo wa bahari huwa nyingi juu na hupungua kadiri unavyoshuka. Kwa kuwa huenda nyingine ilipanda kutoka ardhini, tulitoboa unga wa zege kila milimita 20, tukaupima. Kiwango kilikuwa karibu kilekile kote: chumvi iliingia na mchanganyiko.

Mzee aliusogeza mcheduara dirishani. Kando ya kokoto moja kiling'aa kipande cha kombe la bahari, kidogo kuliko ukucha.

"Mchanga wa ufukweni," alisema, "na haukuoshwa."